Macho ya Asubuhi

Kuna wivu wa mume na kimada, kuna wivu wa cheo kazini. Huo una heshima yake, mtu anaweza hata kuusimulia akapewa pole. Wivu wa Mama Kasuku ulikuwa wa aibu. Mwanamke mzima, fundi wa kola katika kiwanda cha mashati, mtu wa kuaminiwa na vipimo, alimwonea wivu wifi yake kwa sababu ya kope za mtoto. Kope mbili tu, za binti wa miaka sita. Ukimwambia mtu atacheka mpaka ashike mbavu.

Haya, usicheke kwanza, sikiliza.

Binti mwenyewe walimpachika jina la Kasuku kwa sababu asubuhi alikuwa anaongea hadi watu wanaomba poo. Alizaliwa na ugonjwa wa misuli, ule wa nadra ambao hata manesi wengine waliusikia kwake kwa mara ya kwanza. Amri inatoka vizuri kichwani, lakini ikifika kwenye msuli inapokelewa nusunusu. Mwili unaamka na nguvu zake, kisha unachoka upesi, na ya kwanza kuchoka ni ile misuli midogo inayonyanyua kope. Saa moja asubuhi macho yake yako wazi, makubwa, hayana deni na mtu. Mchana kope zinaanza kulegea. Ikifika saa kumi na mbili jioni zimeshuka kama pazia, mtoto anainua kidevu juu ili achungulie kwa chini, na ile sauti ya kasuku imebaki kidogo, inatokea puani.

Sasa chukua hayo uyaweke kando ya ratiba ya mama yake. Basi la kiwanda linapita saa kumi na moja alfajiri. Anarudi saa kumi na mbili na ushee jioni. Kumwamsha mtoto alfajiri ni marufuku, daktari alikwisha sema usingizi ndio dawa ya kwanza. Kwa hiyo siku sita kwa wiki mama anaondoka macho yamelala na anarudi macho yameanguka. Anabakiwa na Jumapili.

Na hizo asubuhi sita zinaliwa na nani? Na wifi. Dada wa mume, aliyeletwa miaka mitatu iliyopita mume alipopata kazi ya malori ya masafa marefu. Mwanamke mrefu, mchapakazi, mwenye pengo la meno ya mbele na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Hakuwa na baya, jamani. Hilo ndilo lililomkera zaidi Mama Kasuku, maana mtu mbaya unamchukia ukapumua.

"Wifi, leo ungemwona!" wifi angesema jioni, akipokea mkoba wake mlangoni. "Macho haya! Kanisomea maandishi ya kwenye kalenda kutoka kule mlangoni!"

"Haya," angejibu Mama Kasuku, akivua viatu. Ndani anasema: unanitambia mtoto wangu.

Kilichomtia kidonda hasa ni picha. Jioni moja Kasuku alimletea karatasi. Kamchora shangazi: pengo la meno lipo, hereni zipo, hata lile doa la kidevuni. Pembeni kamchora mama. Sketi ya bluu ya kiwandani ipo, mkoba upo, viatu vipo, tena kile cha kushoto kina mkanda uliokatika, vilevile kilivyo. Juu ya shingo hakuna kitu.

"Mbona mimi sina kichwa?" mama akauliza, akicheka cheko la mdomoni.

"Kipo, mama. Uso nitauchora Jumapili, nikiuona vizuri."

Akaikunja ile picha, akaitia ndani ya mkoba, akaenda kuosha vyombo ambavyo wifi alikwisha viosha. Roho ilimuuma mpaka akahisi ladha ya chuma mdomoni. Mtoto wake anamjua kwa viatu!

Wakati huo walikuwa kwenye wiki ya tatu ya daftari. Daktari wa macho ya watoto, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, alikuwa amewapa rula ya plastiki inayopitisha mwanga na daftari lenye safu tatu: asubuhi, mchana, jioni. Kila saa hizo mtoto anatazama mbele, wanapima uwazi wa jicho katikati, milimita ngapi, wanaandika. Asubuhi na mchana kazi ya shangazi, jioni kazi ya mama. Nusu kidonge mara tatu kwa siku, ya jioni mama anampa mwenyewe akirudi, na daftari litasema kama dawa inazishikilia kope.

"Kama mchana jicho linafika milimita sita, hatumpasui," daktari alisema. "Lisipofika, haoni ubao, shingo inapinda kwa kuinua kidevu, na ubongo utaanza kulisahau jicho. Hapo nitalazimika kuzifunga kope kwa uzi kwenye msuli wa paji la uso. Ila kwa mtoto huyu sipendi. Sisi tukilala, mboni inapanda juu, inajificha. Yake haipandi. Nikizivuta kope, atalala macho wazi. Jicho likikauka linapata kidonda, kidonda kinaacha kovu, na kovu halisuguliki likatoka. Wiki sita. Andikeni ukweli."

Wiki mbili za kwanza ziliandikwa vizuri. Asubuhi tisa, mchana sita, mara nyingine saba. Jioni, kwa mkono wa mama: tatu, tatu, mbili na nusu.

Vidonge alivikata Mama Kasuku mwenyewe. Hapo hakumpisha mtu. Kila jioni anatandaza kitambaa mezani, anachukua wembe, anakata nusu kwa nusu bila kumwaga hata unga, kisha anavipanga kwenye vikopo vitatu: chenye jua dogo ni cha asubuhi, chenye jua kubwa ni cha mchana, chenye mwezi ni cha jioni. Ilikuwa ndiyo sehemu yake ya mtoto, na aliifanya kwa majivuno.

Jioni ile ya picha, alikata kama kawaida. Nusu ya asubuhi akaiweka mahali pake. Ya jioni akaiweka. Ya mchana akaishika kwenye kucha, akaitazama. Halafu akaitia kwenye kikopo cha mwezi, pamoja na mwenzake.

Kwenye kikopo cha jua kubwa akaweka nusu ya kidonge cha vitamini. Cheupe vilevile, duara vilevile. Alikikata kwa uangalifu ule ule.

Si kwamba hakujua. Alijua, na alikuwa na maneno yake tayari. Dawa ni ile ile, kwa siku kiasi ni kile kile, nimeihamisha saa tu. Wifi ana asubuhi nzima, atakufa akikosa mchana? Mtu akitaka kufanya jambo baya hakosi hesabu za kumsaidia.

Na ikafanya kazi! Siku ya pili tu, saa moja jioni, Kasuku aliinua kope na mama akayaona macho. Siku ya kazi, jioni, macho! Yana ule weusi wa baba yake, na kope za chini zimepinda kidogo pembeni. Milimita saba. Aliandika saba kwa tarakimu kubwa. "Mama, umesuka nywele mpya," mtoto akamwambia, na mama akageukia ukutani kujifanya anatafuta kitu.

Wifi akapiga vigelegele kutoka jikoni. "Si nilikwambia dawa itakubali!" Furaha yake ilikuwa ya kweli. Mama Kasuku alimtazama akasema kimoyomoyo: cheka tu, leo zamu yangu.

Wiki ya nne wifi aliacha kucheka. "Wifi, mchana sielewi," alisema akiwa amesimama na mwiko mkononi. "Kope zinaanguka saa saba tu. Nimepima mara tatu, milimita tatu. Na leo amepaliwa na chakula. Nimempiga mgongoni mpaka mikono inaniishia nguvu."

Kupaliwa hakukuwa kwenye hesabu za Mama Kasuku. Angeweza kusema pale pale, jambo lingekwisha. Badala yake ulimi ukatoa kitu kingine.

"Labda unamlisha haraka. Na kutwa unamlaza kwenye chumba cha giza. Kila nikirudi naambiwa ndiyo kwanza ameamka. Mtoto si kuku wa kutamiwa, wifi."

"Simlazi mimi," wifi alisema taratibu. "Analala mwenyewe, tangu saa tisa. Siku moja utamuuliza kwa nini."

Hakuuliza. Aliona ni kujitetea. Kuanzia siku ile wifi akawa anamsagia mtoto chakula cha mchana, anamlisha kijiko kimojakimoja, na daftarini anaandika tatu, tatu, tatu kwa herufi ndogo, kama anayeomba msamaha. Mama Kasuku aliziona zile tatu kila jioni. Usiku anajigeuza kitandani, anajiapiza kesho ataacha. Kesho yake anarudi, ikifika saa moja macho yanamtazama, kiapo kinayeyuka.

Wiki ya sita ikatimia. Mama Kasuku aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote watatu. Chumba cha daktari kilikuwa kidogo: kiti kimoja cha kuzunguka, taa yenye shingo ndefu, friji ndogo kama sanduku kwenye kona. Kasuku alikuwa bado na bahati ya asubuhi, ameshamuuliza daktari maswali saba, mojawapo kama friji hiyo ina soda. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na hadi daftari linafunguliwa saa ilikuwa imekaribia saba, kidevu cha mtoto kimeanza kupanda.

Daktari alisoma kurasa zote. Akarudi nyuma. Akasoma tena.

"Mchana dawa imekataa kabisa," alisema mwisho. "Tatu. Wiki nne mfululizo. Na kupaliwa juu yake." Akavua miwani. "Basi hatuna jinsi. Nitampangia upasuaji mwezi ujao. Nitazivuta kope, zitakaa juu kutwa."

"Hata jioni?" Mama Kasuku aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimshtua.

"Hata jioni. Hata akilala, hilo ndilo tatizo. Kila usiku, miaka yote, mtu atampaka mafuta ya jicho na kuzibandika kope kwa utepe. Usiku mmoja mkisahau, asubuhi mnaniletea kidonda."

Sasa nitasema lililompitia mwanamke huyu, wewe umhukumu utakavyo. Alisikia kidonda, alisikia kovu, lakini kilichobaki kichwani ni *hata jioni*. Macho wazi kila akirudi. Asubuhi zote sita za wifi zisiwe na thamani tena, maana macho yatakuwa ya wote, saa zote. Na kosa la mchana litakaa pale lilipo, kwa mwandishi wa safu ya mchana. Alitakiwa kunyamaza tu. Kunyamaza ni kazi gani?

Pembeni yake wifi alikuwa analia. Hakulia kwa sauti, yeye wa kicheko cha nyumba ya tatu. "Daktari, labda ni mimi," alisema. "Labda nilikosea saa. Mpeni mtu mwingine apime wiki moja, msimkate kwa sababu yangu. Mimi nitarudi kwetu kama ndiyo shida."

Daktari alimtazama. Akasimama, akafungua friji, akachukua kipande cha barafu, akakitia ndani ya kidole cha glovu akakifunga. "Sijapanga tarehe bado. Njoo hapa, bibie wa soda. Fumba." Akauweka ule ubaridi juu ya kope ya kulia. Dakika mbili. Kasuku akahesabu mpaka sitini mara mbili kwa sauti ya puani. Daktari alipoutoa, kope ya kulia ilipanda taratibu, ikakaa juu. Ya kushoto imelala, ya kulia inatazama.

"Sita na nusu," daktari alisema, rula mkononi. "Baridi inausaidia msuli kidogo tu, na umeitika hivi. Msuli unaoitika barafu ungeitika na kidonge. Sasa kwa nini mchana ukatae na jioni ukubali?" Akatazama saa ya ukutani. "Saa saba kasoro. Dawa yake ya mchana mnayo? Ameze hapa, mbele yangu. Tutasubiri, nipime mwenyewe."

Wifi akafuta machozi kwa kiganja, akafungua pochi, akatoa kikopo chenye jua kubwa. Akakitoa kifuniko, akakimimina kile kipande kwenye kiganja cha mtoto. Kasuku akapanua mdomo.

"Hiyo siyo."

Wote wakageuka. Mama Kasuku alikuwa amesimama, hakumbuki alisimama saa ngapi.

"Hiyo siyo dawa. Ni vitamini. Ya mchana ninaiweka na ya jioni. Wiki ya nne sasa." "Nilitaka nimwone macho na mimi. Yeye anayaona kila siku."

Mtoto alibaki amepanua mdomo, kidonge cha bandia kiganjani, jicho moja wazi.

Daktari ndiye aliyeanza, na hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Mama, angeweza kukatwa kwa sababu yako. Na ule mchana aliopaliwa ungeweza kuwa wa mwisho. Unanielewa?" Alikuwa anaelewa. Daktari akatoa kidonge kutoka kwenye kabati lake, akakikata, akampa mtoto, wakasubiri dakika arobaini na tano wakiwa wamekaa kama watu wa msiba. Kisha akapima. Sita, na upande mwingine sita na nusu. "Hakuna upasuaji. Wiki sita mpya. Na vidonge akate shangazi."

Kwenye korido wifi alitembea mbele, kamshika mtoto mkono. Mlangoni alisimama, akageuka.

"Isingekuwa hapa ni mahali pa watu, wifi, ningekuzaba kibao cha kusikika mapokezi."

"Ningestahili."

"Ungestahili viwili. Mtoto anakata pumzi mikononi mwangu, mimi usiku silali, najiuliza nimemkosea nini. Kumbe vitamini! Vitamini, wewe!" Akampa kisogo, na njia nzima hakumsemesha.

Walifika nyumbani saa nane na nusu. Wifi aliingia chumbani, Mama Kasuku akasikia zipu ya begi. Ukweli ni kwamba hata wakati ule, akiwa amejaa aibu mpaka utosini, kitu kidogo ndani yake kiliruka: anaondoka. Wivu hauna haya. Kisha akawaza mtoto akipaliwa na nyumba haina mtu, akakaa kwenye kiti cha jikoni.

Saa ya ukutani ilipogonga tisa, Kasuku aliacha kalamu zake mezani, akainuka mwenyewe, akachukua kitambaa cheusi kilichotundikwa nyuma ya mlango.

"Shangazi, saa tisa! Naenda kuyaweka!"

"Kuweka nini?" mama akauliza.

Wifi alitokea mlangoni, nguo moja mkononi. "Muulize. Nilikwambia umuulize."

"Macho," Kasuku alisema, kama anayeambiwa aeleze maji ni nini. "Nikiyafumba tangu saa tisa, yanabaki kidogo. Nayaweka ya mama, akirudi jioni."

Mama Kasuku alimtazama mtoto, akatazama kile kitambaa. Kilikuwa kimefifia katikati kwa kuvaliwa. Jioni zote za milimita mbili na nusu, zile alizoziona ni makombo ya wifi, zilikuwa ni akiba ya mtoto.

"Mimi nacheza naye asubuhi, nampeleka darasani, namsagia chakula," wifi alisema. Sauti yake ilikuwa imevunjika vibaya. "Miaka mitatu. Hajawahi kuniwekea mimi hata nusu jicho. Unajua nilivyokuwa nakuonea wivu? Ikifika saa tisa nataka kulichoma moto hilo tambara."

Wakatazamana, wanawake wawili, kila mmoja na njaa yake.

Kasuku alikuwa na shida nyingine. Alisimama katikati yao, kitambaa mkononi, anafikiri. "Lakini leo mama yupo," alisema. "Basi leo nisiyaweke?"

"Usiyaweke," mama akasema. "Leo yatumie."

Mtoto akarudi mezani, akasogeza kiti karibu kabisa na mama yake, akachukua karatasi. "Tulia. Usilie, unaharibu pua." Akachora akiinua kidevu kila anapotazama. "Shangazi! Kumbe mama ana kovu dogo hapa kwenye nyusi!"

"Analo," wifi alijibu kutoka mlangoni. "Tangu anaolewa analo." Akaja mezani, akanyoosha mkono. "Wembe."

Mama Kasuku akautoa kwenye droo, akampa, na vikopo vyote vitatu. Ulimuuma, nisidanganye. Wifi akatandaza kitambaa na kuanza kukata. Cha kwanza kilikwenda upande, kikamwaga unga, na Mama Kasuku akaziba mdomo wake kwa mikono miwili asije akasema neno. Begi la chumbani lilibaki wazi, halikuondoka wala halikufungwa.

Saa kumi na mbili kope zilikuwa chini kabisa, kidonge cha jioni hakijaanza kazi. Macho hayakuwekwa, yalitumika yote. Mama Kasuku akachukua rula, akapima kwa makini, akafungua daftari. Kwanza akaandika juu ya zile tatu zote za wifi, kwa mwandiko wake mwenyewe: *mama alihamisha dawa*. Kisha kwenye safu ya jioni ya ukurasa mpya akaandika: moja na nusu.

Kasuku alinyanyua kope moja kwa kidole.

"Mama, bado upo?"

"Nipo."

"Haya," mtoto akasema, akaiachia ikashuka.